Reli ya mfano inashikwa na nini? Msumari, gundi na nafasi ya kupumua

Mtoto wa jirani yangu alipanda SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro wakati wa likizo. Siku aliyorudi alipiga hodi, akaniamkia, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha uani nilikoweka ubao wangu wa treni za mfano. Akainama mpaka jicho lake likawa usawa wa reli, akapitisha kidole taratibu juu ya chuma hadi kikakwama kidogo.

"Mjomba, hapa pana ufa. Ile ya Morogoro haina."

Ameona vizuri. Swali lake ndilo ninaloulizwa na watu wazima pia, tangu treni za abiria zilipoanza safari za Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma wiki chache baadaye. Wenzetu wa Mombasa na Nairobi wamelijua jambo hili tangu 2017: treni inateleza, ile sauti ya tataka-tataka ya reli ya zamani haipo. Basi kama reli kubwa imefungwa imara bila mwanya, kwa nini hii ndogo iachwe na nyufa? Wengine hawaulizi, wanatenda. Wanapigilia msumari kila taruma, wanalehemu kila kiungo, halafu joto la Januari likiingia reli inajikunja ubaoni kama nyoka. Nami ubao wangu wa kwanza niliufunga hivyo hivyo, kwenye stoo ya mabati, na niliupoteza wote. Ndiyo maana nataka jambo hili lieleweke.

Tuanze na maneno

Treni ya mfano ni treni iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu. Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HO, nacho ni 1 kwa 87: kila sentimita 87 za kitu halisi zinakuwa sentimita moja. SGR ina upana wa milimita 1,435 kati ya reli na reli. Gawa kwa 87, unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli za HO madukani. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza SGR yetu nyumbani hahitaji kubuni chochote, upana uko tayari. Reli yetu ya zamani ya mita moja, na ile ya TAZARA yenye milimita 1,067, zote zinaangukia karibu na milimita 12, na reli za upana huo nazo zinatengenezwa ingawa ni adimu zaidi.

Reli zenyewe ni vyuma viwili vyembamba. Mataruma ni vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli. Kwenye treni za mfano huwa vya plastiki, na kila kimoja kina vidole vidogo vinavyoshika chuma pande zote mbili. Chini ya mataruma kuna tuta, yaani kitanda laini kinachoinua reli kidogo. Chini ya tuta kuna ubao. Juu ya yote, kati ya taruma na taruma, kuna kokoto ndogo kama punje za mchanga mnene.

Mtu akisema "kufunga reli" huwa anachanganya kazi mbili. Ya kwanza ni kuiweka reli mahali pake: isiende kushoto wala kulia, isiinuke. Ya pili ni kuizuia isirefuke wala kufupika. Kazi ya kwanza ni lazima. Ya pili kwenye ubao wa nyumbani haiwezekani, na anayeijaribu ndiye anayeharibu.

Kwa nini kubwa haina ufa

Chuma kikipata joto kinarefuka. Tuchukue kilomita moja ya reli, ambayo joto likipanda nyuzi 30 inataka kurefuka karibu sentimita 34. Zamani jibu lilikuwa kukata reli vipande vifupi na kuacha mwanya kati yao, kisha kuviunga kwa mabamba ya chuma na bolti. Gurudumu likipita kwenye mwanya linagonga, ndiyo tataka-tataka.

SGR imefuata njia nyingine. Reli zimelehemewa zikawa ndefu mno, na zimebanwa kwa klipu za chuma zenye mnyumbuko juu ya mataruma ya zege, ambayo moja tu lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Mataruma yamezama kwenye kokoto zilizoshindiliwa. Chuma kile hakijaacha kutaka kurefuka jua linapowaka. Kinazuiwa, na nguvu inabaki ndani yake, kama mtu aliyeshikwa mabega akitaka kusimama. Tena mafundi huzifunga reli zikiwa kwenye kiwango cha joto kilichochaguliwa, cha katikati, ili kwenye jua kali zisisongamane kupita kiasi na kwenye baridi zisivutane kupita kiasi.

Sasa njoo kwenye meza yangu. Taruma la plastiki halifiki hata gramu moja. Kokoto zangu zingepeperushwa na feni kama si gundi. Sina kilo 200 za kumshika mtu mabega.

Fanya jaribio hili, litakueleza kuliko maneno yangu. Chukua rula ya plastiki ya sentimita 30, isimamishe kwa ubavu wake mwembamba mezani kati ya vitabu viwili vizito vinavyogusa ncha zake. Sukuma kitabu kimoja ndani kwa milimita moja tu. Katikati ya rula patatoka nje kama sentimita moja nzima. Milimita moja kwenye ncha, sentimita moja katikati. Ndivyo reli inavyofanya: kiasi kidogo cha kurefuka ambacho huwezi kukiona kwa macho kinageuka kuwa kipindo ambacho treni haiwezi kukipita.

Reli nyingi za mfano leo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, unaong'aa kama fedha lakini hauna fedha ndani yake. Mchanganyiko huo unarefuka zaidi kuliko chuma. Mita tano zake, joto likipanda nyuzi 15, zinaongezeka zaidi kidogo ya milimita moja. Kumbuka rula.

Lakini mara nyingi reli inasingiziwa. Anayesogea sana ni ubao ulio chini. Mbao inakunywa unyevu wa hewa na kuvimba, hewa ikikauka inanywea, na hufanya hivyo zaidi kwa mapana yake kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Sisi wa pwani tunalijua hili bila kufundishwa: mlango unaokwama wakati wa masika ndio ule ule unaofunguka kwa kidole wakati wa kiangazi. Ndugu zetu walioko Kanada na kaskazini mwa Marekani hupata kinyume chake. Baridi ikija wanawasha hita, hewa ya ndani inakauka, fremu ya mbao inanywea, na reli iliyokuwa na nafasi ya kutosha inajikuta imesongamana usiku wa baridi kali. Kwao ajabu inakuwa kwamba reli imepinda wakati wa baridi. Reli haikurefuka. Ubao ndio uliofupika.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza gundi, tumia plaiwudi nzuri badala ya ubao mmoja mpana, na uipake rangi juu, chini na kwenye kingo. Rangi inazuia unyevu kuingia na kutoka kwa pupa. Kazi hii ni ya saa mbili na inaokoa miaka.

Msumari

Njia kongwe ni misumari midogo, myembamba kama sindano nene. Mataruma ya kampuni nyingi huja na vitundu vyake katikati. Uzuri wa msumari ni kwamba ukikosea unauchomoa na kujaribu tena, bila kungoja chochote kikauke. Kwa anayeanza, na kwa anayebadilisha ramani yake kila mwezi, ni njia nzuri.

Hapa ndipo ilipo imani potofu ya kwanza: kwamba ukiubana zaidi, reli inakaa imara zaidi. Tazama kwa karibu kinachotokea. Msumari uko katikati ya taruma, reli ziko kwenye ncha zake mbili. Kichwa cha msumari kikigusa plastiki, kazi imekwisha. Ukiongeza pigo moja la nyundo, katikati ya taruma panabonyea, ncha zinainuka, na reli mbili zinaelemeana vichwa kama wazee wanaonong'ona. Ule upana wa milimita 16.5 umepungua. Kwa jicho hutaona kitu, ila behewa litaruka njia mahali pale pale kila mara, nawe utalaumu magurudumu. Mimi siutumii tena ubapa wa nyundo. Nausukuma msumari kwa koleo, naacha nafasi ya unene wa karatasi chini ya kichwa chake. Nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu reli iteleze kidogo kwa urefu huku ikibaki kwenye mstari.

Wapo wanaojenga reli kwa mkono tangu mwanzo: mataruma ya mti, na vijisumari vyenye kichwa cha kupinda vinavyoshika ukingo wa reli, kama reli za zamani zilivyopigiliwa. Wengine hutumia mataruma yenye ngozi ya shaba na kulehemu reli juu yake. Ni ufundi wa hali ya juu, naustahi, ila si mahali pa kuanzia.

Gundi, na ipi

Siku hizi wengi tumehamia kwenye gundi. Swali ninaloulizwa huwa ni "ipi kali zaidi?" Swali sahihi ni "ipi itaniruhusu nibadili mawazo?"

Supa gluu haifai. Inashika kabla hujanyoosha, ikikauka inakuwa kama kioo, na kitu kisichonyumbuka hupasuka ubao unaposogea. Tena reli za mfano ndizo nyaya za umeme: treni inapata umeme wake, kwa kawaida volti 12, kupitia magurudumu. Gundi inayotambaa na kuingia kwenye viungo au kupanda juu ya reli inakata umeme.

Gundi ya fundi viatu, inayopakwa pande mbili na kungojwa, inashika vizuri mno. Ukigusisha tu, imekwisha, hakuna kusogeza. Na kama ubao wako umetandikwa foamu ngumu, ile nyepesi ya ujenzi, gundi hiyo inaila mbele ya macho yako. Gundi ya moto ya bunduki inaacha vinundu chini ya reli, na kwenye chumba chenye joto inalegea.

Gundi nyeupe ya mbao ni nzuri kwa kubandika tuta kwenye ubao. Kwa reli inafaa, ila inakauka ikawa ngumu, na ugumu huo unapitisha sauti. Nitalirudia hilo.

Ninayoipendekeza kwa moyo wote ni ile rojo ya akriliki ya kuzibia nyufa, inayouzwa kwenye mirija mirefu na kukamuliwa kwa bunduki. Fundi rangi anaijua: ndiyo anayoziba nayo pengo kati ya fremu ya dirisha na ukuta. Ikikauka inabaki na mnyumbuko kama mpira, kwa hiyo ubao ukisogea kidogo, yenyewe inavumilia. Angalia usipewe silikoni, maana mirija inafanana na dukani hukaa rafu moja. Silikoni haikubali rangi wala gundi ya kokoto juu yake, na ile yenye harufu ya siki inaweza kuishambulia shaba. Soma mrija: kama imeandikwa kuwa inaweza kupakwa rangi na kusafishwa kwa maji ikiwa mbichi, ndiyo hiyo.

Namna ya kuitumia ni hivi. Chora mstari wa katikati ya njia. Laza reli bila gundi kwanza, ishikilie kwa pini, endesha treni yako nzito na behewa lako refu zaidi, mbele na nyuma. Nyaya za umeme zilehemu wakati huu. Ukiridhika, ondoa, kamua mstari mwembamba wa rojo, kisha uusambaze kwa kadi ya zamani hadi uone mstari wa penseli kupitia rojo. Watu wengi hukosea hapa kwa kuweka nyingi. Ikipanda kati ya mataruma, umeweka mara mbili ya inayohitajika. Laza reli, ibonyeze, una kama dakika kumi na tano za kunyoosha. Halafu laza jicho kwenye usawa wa reli kama alivyofanya yule mtoto, utazame kwa urefu wake. Kipindo ambacho ukisimama hukioni, ukiinama kinajitangaza. Weka vitabu au makopo ya maharage juu, kalale.

Ukitaka kuitoa mwaka ujao, pitisha kisu chembamba cha kusawazishia rangi chini ya mataruma, taratibu. Reli inatoka nzima.

Kuna mahali pamoja pasipowekwa gundi kabisa, nayo ni pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Zina vyuma vinavyosogea, na tone moja tu likiingia pale umepoteza kipande cha gharama kubwa kuliko vyote. Acha ishikwe na reli za jirani, au pini mbili kwenye ncha zake.

Viungo

Kipande cha reli ya kunyumbuka huwa na urefu wa kama sentimita 91. Vipande vinaungwa kwa vifuko vidogo vya chuma vinavyovaa kwenye ncha za reli. Kwenye kona nalehemu viungo viwili viwili, kwa sababu kona ikiachwa huru hujinyoosha na kufanya pembe. Kwenye mistari iliyonyooka siachi bila mwanya: unene wa kadi ya biashara kila baada ya kipande kimoja au viwili. Kama unafunga reli mchana wa Februari chumba kikiwa kimewaka joto, acha mwanya mdogo zaidi, kwani reli tayari imerefuka. Ukifunga asubuhi ya Julai, acha mkubwa zaidi. Na kwa sababu mwanya unadhoofisha umeme, kila kipande kipewe nyaya zake chini ya ubao, usitegemee vile vifuko kupitisha umeme miaka yote.

Kuhusu sauti, na reli zinazojifunga zenyewe

Tuta la kizibo, ile nyenzo ya kahawia inayoziba chupa za mvinyo, huwekwa ili kumeza mngurumo. Mtu ananunua kizibo cha milimita tano, anakilaza vizuri, halafu anapigilia misumari mirefu kupitia kizibo hadi kwenye plaiwudi. Ameunganisha reli na ngoma. Kila msumari ni daraja la sauti. Ukitaka ukimya, tumia rojo inayonyumbuka, na misumari iwe ya kushikilia kwa muda tu, uichomoe gundi ikikauka.

Aliyepanga nyumba, au mwenye meza ya kulia chakula tu, hana haja ya haya yote. Kato ya Japani na Märklin ya Ujerumani, miongoni mwa wengine, hutengeneza reli zenye tuta lake la plastiki, zinazobofyana zenyewe kama vifungo. Unaweka sakafuni, unacheza, unakunja. Nimesikia wakiziita za watoto. Wapo wazee wa kazi hii wanaozitumia kwa furaha, na hakuna reli rahisi zaidi kwa mtoto wa miaka minane.

Kokoto huja mwisho

Imani nyingine ni kwamba kokoto ndizo zinazoshika reli. Kwenye SGR ni kweli, zinabeba na kubana. Kwetu ni sura tu, pamoja na gundi yake. Reli iliyokaa vibaya ikimwagiwa kokoto inakuwa reli iliyokaa vibaya milele. Mimi husubiri majuma kadhaa ya kuendesha treni kabla ya kuzigusa.

Zimwage kikavu, zisambaze kwa brashi laini hadi vichwa vya mataruma vionekane safi. Sasa ukidondosha gundi moja kwa moja, tone litabingirika juu kama maji kwenye jani la gimbi na kuchimba shimo. Pulizia kwanza maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, au spiriti, mpaka kokoto zilowe. Kisha chukua gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uidondoshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Utaiona inanywewa ndani yenyewe, bila punje moja kusogea. Kabla haijakauka, futa juu ya reli kwa kitambaa chenye unyevu.

Chagua gundi nyeupe ya kawaida, si ile iliyoandikwa kwamba haipenyi maji. Mwaka jana nilihamisha kona nzima ya njia yangu. Nilimwaga maji ya uvuguvugu jioni, nikaacha yalowe, asubuhi kokoto zikafagiliwa kama mchanga wa uwanjani. Nilianika reli dirishani. Yule mtoto ndiye aliyenisaidia kuzirudisha, na mwanya kati ya vipande viwili aliupima mwenyewe, kwa kadi.